Bitana ya Ndege

11 Januari

Mama mdogo, shikamoo.

Mimi huku ni mzima. Baba anakusalimu, ingawa hakuniambia nikusalimu, unamjua alivyo. Natumaini mguu wako umepoa na fundi viatu wa jirani bado anakuchekesha.

Nina habari moja na ombi moja. Habari ni kwamba nimepata kazi kwenye karakana ya kutarizi magauni ya harusi kwa shanga. Usifurahi haraka. Kazi yangu ni kukata nyuzi zilizobaki na kufagia chini ya meza. Mafundi kumi na wawili wanakaa juu wanatarizi, mimi niko miguuni mwao na brashi na kopo. Msimamizi wetu tunamwita Miwani kwa sababu anazo mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Amesema nikijua kutarizi vizuri atanipandisha mezani, ila yeye hana muda wa kufundisha mtu.

Ombi langu ni kwamba unifundishe wewe. Na nikishajua, unipe yule ndege wa shanga aliyemtarizi mama. Nilikuwa na miaka saba alipofariki. Sauti yake nimeisahau, na uso wake nauona kwenye picha ya kitambulisho tu. Lakini yule ndege ukutani kwako namkumbuka: mkia wa kijani, kifua chekundu, jicho moja jeusi. Sina kitu kingine kilichopita mikononi mwake.

Ukitaka naweza kukupigia kwenye simu ya fundi viatu.

Mwanao.


2 Februari

Marahaba, Mdadisi.

Mguu upo, unauma ukijisikia. Fundi viatu naye yupo. Juzi alijigonga kidole gumba kwa nyundo akamlaumu mwenye kiatu. Chumba alichokuwa akilala marehemu bibi yako kinavuja, nimeweka ndoo.

Simu sitaki. Kwenye simu mtu anaitikia "ndiyo, ndiyo" na hajaelewa kitu. Utaandika, utatuma kazi, nami nitaitazama.

Ndege wa mama yako nitakupa siku utakaponiletea ndege wako, uliyemtarizi mwenyewe, wa ukubwa uleule. Kabla ya hapo tusisumbuane. Sigawi kazi ya dada yangu kwa mtu anayeshika brashi ya kufagilia.

Kila utakachonitumia, kitume bila bitana. Bitana ni kile kitambaa cha mwisho kinachoshonwa nyuma kuficha mafundo, na wavivu wote wanakikimbilia. Mbele kila mtu anaweza kudanganya. Mimi nataka kuona mgongo.

Anza na mshono wa kurudi. Pitisha shanga mbili, zamisha sindano, rudi nyuma ushanga mmoja, kisha upite tena ndani ya ule wa pili. Uzi uupake nta kwanza. Shanga uzichambue kabla hujaanza: nene huku, nyembamba kule, zilizopinda weka pembeni, lakini usitupe. Ushanga ukizidi kwenye safu, kuna watu wanauvunja kwa koleo ili safu ikae sawa. Wewe usivunje. Fumua, urudie. Hao ni watu wasiojua shanga zinapatikana kwa shida gani.

Nakutumia jani moja nililolitarizi mimi. Litazame mbele, halafu ligeuze ulitazame zaidi.

Mama yako mdogo.


25 Februari

Mama mdogo, shikamoo, na pole kwa kuvujiwa.

Baba ana mafua na anasema ni vumbi la karakana nililomletea mimi. Nimekutumia jani langu. Nimelifumua mara nne. Vidole vimetoboka kiasi kwamba nikishika chumvi nalijua kila tundu lilipo.

Jani lako limeniletea makubwa. Nilikuwa nalitazama wakati wa mapumziko, Miwani akanipokonya. Akaligeuza. Akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine, akasema, "Mkono huu haukuanza jana. Wa nani?" Nikamwambia ni wa mama yangu mdogo. Akaondoka nalo kwenda kwa mafundi wakubwa, na hakulirudisha mpaka saa ya kufunga.

Huku wanabishana kuhusu mafundo. Wengine wanafunga mwisho wa safu, wengine kila baada ya shanga kumi. Mama alikuwa anafunga wapi? Mfungue ndege bitana kidogo, pembeni tu, uniambie. Nataka kufunga kama yeye.

Mwanao.


14 Machi

Marahaba.

Jani lako limefika. Nilidhani ni kiwavi. Nikamwonyesha fundi viatu bila kumwambia kitu, akauliza ni soli ya mguu gani. Nimelifumua lote, shanga zako hizi hapa kwenye bahasha, uanze upya. Na usivute uzi kama unafunga mbuzi.

Sasa hayo ya Miwani. Alisema hivyo kweli, au unanipaka mafuta? Akisema tena, uniandikie maneno yake yote, usipunguze. Nikuambie jambo ambalo sijalisema siku nyingi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliomba kazi kwenye karakana kama hiyo. Nilipeleka kazi tatu. Wakasema wataniita kwa barua. Mwaka mzima, kila Jumatatu, nilikwenda posta, mama yako ananisindikiza, tunarudi mikono mitupu. Siku moja njiani akaniambia, "Mdogo wangu, labda hawakuupenda mkono wako." Nikaamini. Yeye akaolewa, akaondoka, mimi nikabaki nikimuuguza bibi yako kitandani miaka kumi na moja. Silalamiki. Nasema tu kwamba huyo Miwani wako kaniharibia usingizi.

Ndege simfungui. Mama yako alinipa mkononi wiki mbili kabla hajafa, akasema, "Mtundike pale unapokaa, uwe unamwangalia. Ila usimfungue mgongo, atafumuka wote." Nimemtii miaka kumi na saba.

Mama yako mdogo.


1 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Baba amepona, sasa ni mimi ninayekohoa. Jani la pili hili hapa. Ukisema ni soli tena, nitakubali ni soli, lakini ya kiatu kipya.

Miwani hajasema zaidi. Nikisikia nitakuandikia.

Mama mdogo, nakuomba tena kuhusu ndege. Wewe ndiye uliyesema mbele kila mtu anaweza kudanganya. Mbele ya kazi ya mama nimeshaiona nilipokuwa mdogo. Mgongo sijauona. Nikijua alipofunga mafundo, nitakuwa nimejifunza kitu kwake yeye, hata kama ni kimoja. Na una mkono wa kumfungua na kumfunga asijue mtu.

Mwanao.


19 Aprili

Marahaba, king'ang'anizi.

Jani la pili ni jani. Sitasema zaidi ya hapo, kichwa chako kisije kikavimba.

Basi, nitamfungua, maana naona hutanipa pumzi. Jumapili mchana, kukiwa na mwanga, kwa wembe mpya. Nitafungua mshono mmoja mmoja nikiuhesabu, ili niurudishe ulipokuwa. Nikikuta vumbi la miaka kumi na saba nitakutumia upige chafya.

Nawe umwulize Miwani, kwa namna yako, kama bado wanachukua watu wazima.

Mama yako mdogo.


30 Mei

Mama mdogo, shikamoo.

Hii ni barua ya pili bila jibu. Je, ni mguu? Kama kuna jambo, mwambie fundi viatu aniandikie hata mstari mmoja. Ukimya wako umeniweka roho juu. Jani la tatu nilikutumia tangu tarehe nane.

Au ndege amefumuka na unaogopa kuniambia? Sitakasirika.

Mwanao.


22 Juni

Mdadisi,

Barua zako zote zimefika. Nilikuwa na homa, imekwisha. Paa limezibwa.

Ndege nilimfungua. Mama yako alifunga fundo kila baada ya shanga tano, dogo, akalizamisha ndani ya kitambaa. Mgongo wake ni msafi kuliko mbele. Hilo ndilo ulilotaka kujua.

Majani yanatosha. Anza ndege wako, na uanze na mkia, una safu saba. Nakutumia shanga za kijani za kutosha. Ni za zamani, rangi hii haitengenezwi tena, na usiulize nimezitoa wapi. Mwanzoni nilikuwa mchoyo na wewe, nisamehe. Zichambue bila huruma. Uliopinda tupa. Unaozidi kwenye safu shika koleo uuvunje, ndivyo mafundi wote wanavyofanya. Usizionee uchungu hata kidogo.

Mama yako mdogo.


15 Julai

Mama mdogo, shikamoo sana.

Nilipofungua kifurushi nilikaa kitako. Kijani ile ile ninayoikumbuka. Sikujua utanifanyia wema wa namna hii, na nimeona aibu kwa yote niliyowahi kumwambia baba kuhusu mdomo wako.

Mkia umekwisha. Nimefunga kila baada ya shanga tano, kama mama. Mara ya kwanza kuvunja ushanga nilifumba macho, sasa navunja huku napiga soga. Zilizopinda nilizitupa chini nikazifagia na nyingine. Mafundi wanasema nimeanza kuwa na roho ya kazi.

Huku kuna jambo. Bibi wa dirishani, fundi mkubwa kuliko wote, macho yamemgomea, ameacha kazi. Kiti chake kiko wazi. Ndicho kiti pekee chenye mwanga wa kutosha, na kila mtu akipita anakigusa kama bahati mbaya. Nisikufiche, nakitaka kuliko wote.

Mwanao.


9 Agosti

Mdadisi,

Nafurahi kwamba unavunja. Endelea.

Nakutumia za njano za bawa na nyekundu za kifua. Nyekundu zina vumbi kidogo, zioshe kwa sabuni. Zile utakazoona zimefifia usizitumie, zitupe.

Sasa nikufundishe kumalizia. Kati ya kazi na bitana unaweka karatasi ngumu, uliyoikata kwa umbo la ndege lakini ndogo kidogo, ili asilegee. Usitumie boksi, linanyonya jasho la mikono na kuvimba. Karatasi nzito ndiyo nzuri, ile inayoandikiwa barua za heshima. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yako. Ukiigundisha, weka juu yake ngozi laini iwe bitana, nakutumia kipande alichonipa fundi viatu, kisha uzungushie pindo kwa shanga, sindano ipite kazi na ngozi kwa pamoja. Lakini hayo ni mwisho. Usishone bitana mpaka nimeuona mgongo.

Miwani hajasema tena kitu kuhusu jani langu? Hii ni mara ya tatu nauliza.

Mama yako mdogo.


3 Septemba

Mama mdogo, shikamoo.

Baba anakusalimu, na safari hii kweli. Ameiona kazi mezani nyumbani, akasimama, akasema inafanana na ile ya mama, halafu akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Bawa limekwisha. Nyekundu nimeziosha, karibu robo zilikuwa zimefifia nikazitupa kama ulivyosema. Nimekwama kwenye kifua. Mama alitarizi safu ngapi? Mtazame ukutani uniambie.

Kiti bado kitupu. Miwani anasema anasubiri jibu la mtu. Siku hizi ana kazi nyingi, ni vigumu kumwuliza jambo.

Mwanao.


28 Septemba

Mdadisi,

Safu za kifua nimezisahau. Kadiria.

Jicho hili hapa, ushanga mmoja mweusi, nimeufunga kwenye pamba. Huu usiuvunje, mwingine hakuna.

Ukimaliza mlete akiwa mgongo wazi.

Mama yako mdogo.


30 Oktoba

Mama mdogo, shikamoo.

Nimemaliza. Ndege wangu huyu hapa. Miezi tisa, na sasa ninapoandika mikono inatafuta sindano yenyewe.

Utaona kwamba nimeshashona bitana. Nisamehe, najua ulikataza. Nilitaka umwone akiwa kamili, kama zawadi. Tafadhali usimfungue. Gundi bado mbichi na pindo ni langu la kwanza, likikatwa sitaweza kulirudisha. Mtazame mbele tu.

Nina habari pia. Nimepewa kiti cha dirishani, kwa majaribio ya miezi mitatu. Miwani ameniambia hivyo mbele ya watu wote.

Nimetimiza sharti, mama mdogo. Sasa nitumie ndege wa mama. Nimeshapigilia msumari ukutani, juu ya kitanda. Kila nikirudi kazini nautazama msumari.

Mwanao.


21 Novemba

Kwako mwana wa dada,

Ndege wako amefika. Mbele ni mzuri, sina la kusema. Bitana sijaifungua. Nimechoka kufungua migongo.

Ndege wa mama yako sitakutumia, kwa sababu hayupo. Nimemfumua tangu mwezi wa sita. Kijani nilizokutumia ni mkia wake. Njano ni bawa lake. Nyekundu ni kifua, na lile vumbi uliloliosha kwa sabuni lilikuwa la nyumba hii. Jicho ulilolifungua kwenye pamba ni jicho lake. Kila ulipovunja, ulivunja zake. Ulizotupa ukafagia ni alizozichagua yeye mmoja mmoja na kuzipitisha kwenye sindano akiwa anajua anakufa. Nilikuwa nasoma barua zako hapa mezani: sasa unavunja huku unapiga soga. Nilizisoma mara mbilimbili.

Utauliza kwa nini. Ni wewe uliyetaka nimfungue.

Nilikata mshono kwa wembe, Jumapili ile, nikakuta karatasi. Nzito, nyeupe, imekatwa kwa umbo la ndege. Nikaitoa ili nione mafundo. Ilikuwa na maandishi. Kwenye bawa imeandikwa "tunafurahi kukuarifu." Tumboni kuna muhuri wa karakana. Jina langu lilikuwa shingoni, nusu yake, nusu nyingine imekwenda na mkasi. Kwenye mkia "unatakiwa kuripoti kabla ya tarehe," na tarehe yenyewe imekatwa, mpaka leo sijui ilikuwa siku gani.

Waliniita. Mama yako aliichukua posta siku moja bila mimi, kwa sababu alikuwa na mchumba, na mmoja wetu ilikuwa lazima abaki na bibi yako. Kisha akaendelea kunisindikiza kila Jumatatu. Alinishika mkono tukivuka barabara. Akaniambia labda hawakuupenda mkono wangu. Na alipokuwa anakufa, badala ya kusema, akanipa barua yangu mwenyewe ikiwa imeshonwa, akaniambia niitundike niwe naiangalia. Nimempangusa vumbi yule ndege miaka kumi na saba. Nilikuwa namsalimia asubuhi.

Ninachotaka kujua ni kimoja, na hakuna wa kunijibu. Alikuwa anafikiri nini? Mtu anapitaje kila siku mbele ya ndugu yake na kitu kama hicho mfukoni?

Wewe hukunikosea, najua. Lakini una macho yake, na mwandiko wako unalala upande kama wake, na yeye hayupo nimshike. Mwezi wa kwanza nitamfumua na huyu wako, kuanzia mbele, safu kwa safu. Sitakutumia hata ushanga mmoja. Hongera ya kiti.

Mama mdogo.


12 Desemba

Mama mdogo, shikamoo.

Baba hajambo. Sijamwambia.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za karakana. Niliingia ndani nikachukua brashi, nikapiga magoti chini ya meza kama zamani, wenzangu wakadhani nimeangusha sindano. Nilikuwa natafuta kijani. Pale pamefagiwa miezi mitano. Nimepata shanga tatu kwenye ufa wa mbao, mmoja umepasuka. Nimezifunga kwenye kona ya leso na sijui nizipeleke wapi.

Umeuliza dada yako alikuwa anafikiri nini. Hilo naweza kukujibu.

Hakuwa anafikiri sana. Julai, siku mbili baada ya kukuandikia habari za kile kiti, Miwani aliniita akanipa bahasha yenye jina lako. Akasema, "Mwambie mama yako mdogo kiti cha dirishani tunamwekea yeye, mpaka mosi Oktoba. Mkono kama ule haukai nyumbani. Ipeleke posta leo." Nikaitia kwenye mkoba. Siku ile posta palikuwa na foleni. Siku ya pili hapakuwa na foleni. Nikajiambia mguu unamsumbua, hataiweza safari. Nikajiambia ameshaizoea nyumba yake. Kila siku nilipata sababu mpya, na kila moja ilikuwa nzuri. Miwani akiniuliza nasema hujajibu. Sikukuchukia, mama mdogo. Nilikuwa nakupenda kuliko wakati wowote, kwa ajili ya shanga ulizonitumia. Nilikitaka kiti, basi. Unapita na kitu hicho mfukoni siku ya kwanza, unapita nacho siku ya pili, halafu kinakuwa chepesi.

Kisha ukaniandikia nitafute karatasi nzito, ya barua za heshima. Nyumbani hakukuwa na nyingine.

Nilitaka kukuungamia. Nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili, naomba radhi, naahidi kumwambia Miwani ukweli na kukuachia nafasi, maana alisema mlango bado uko wazi kwako hata sasa. Nilikuwa nasubiri tu ndege wa mama afike ukutani ndipo niitume, niwe na kitu cha kushika wakati wa kukuudhi. Zile kurasa zilikuwa juu ya meza siku barua yako ilipofika. Nimezichana.

Kwa hiyo usimfumue kuanzia mbele. Anza na bitana. Mimi nilikata kwa uangalifu kuliko mama: jina lako liko kifuani, lote, na tarehe inasomeka.

Mwanga wa dirishani ni mzuri sana asubuhi.

Mwana wa dada yako.